Usimdharau Anayeburuza Mkia

Ukimwuliza shabiki wa besiboli wa Marekani kuhusu Divisheni ya Mashariki ya American League, moja ya nusu mbili za ligi kuu, atakutajia Yankees na Red Sox kabla hujamaliza swali. Atakusimulia jinsi Boston ilivyomuuza Babe Ruth kwa New York mwishoni mwa 1919 kwa dola 100,000, na jinsi Boston hiyo ilivyokaa miaka 86, kuanzia 1918 hadi 2004, bila kuliona tena taji. Ni hadithi tamu, na hata mimi huisikiliza kila inaposimuliwa. Lakini nimeishi Baltimore muda wa kutosha kuamini kwamba divisheni hii huielewi ukiitazama kutoka kileleni. Anzia chini. Timu ya tano, ile inayoburuza mkia, ndiyo mara nyingi imeamua nani asonge mbele na nani afunge mizigo arudi nyumbani.

Kwa aliyekulia kwenye soka, kuna mambo mawili ya kushika. Timu tano zimo humo: New York Yankees, Boston Red Sox, Toronto Blue Jays, Baltimore Orioles na Tampa Bay Rays. Kila moja inacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka mwishoni mwa Septemba. Halafu hakuna kushuka daraja. Timu inaweza kufungwa mechi 115, na mwaka ujao ikarudi kucheza na wababe walewale, kwenye viwanja vilevile. Hakuna mlango wa kutokea. Hawa watano wamefungiwa chumba kimoja na wataendelea kukutana, awe nani juu, awe nani chini.

Ndiyo maana Septemba ya timu ya mwisho si ya kupuuzwa. Yenyewe haina tena cha kugombea, ila wanaokuja kucheza nayo wanakihitaji kila kitu.

Usiku wa tarehe 28 Septemba 2011 ndio ninaouzungumzia zaidi kuliko mwingine wowote. Mwezi ulipoanza, Red Sox ilikuwa mbele ya Tampa kwa mechi tisa katika mbio za tiketi ya ziada ya kuingia mtoano. Mechi tisa, zikiwa zimebaki wiki nne. Kisha Boston ikaporomoka: mwezi huo wa Septemba ilishinda mechi saba na kupoteza 20. Ilipofika mechi ya mwisho ya msimu, Boston na Tampa walikuwa sawa. Tampa ilikuwa nyumbani ikicheza na Yankees, na Boston ilikuwa ugenini hapa Baltimore ikicheza na Orioles, timu iliyokuwa inashika nafasi ya tano na inayomaliza msimu wake wa 14 mfululizo wa kupoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda.

Kwa hesabu za watu wengi, Boston ilikuwa imepewa kibonde. Na kweli ilikuwa inaongoza 3-2 mvua iliponyesha na mchezo kusimama kwa zaidi ya saa nzima. Wakati huo kule Florida, Yankees ilikuwa inaiongoza Tampa 7-0. Wachezaji wa Boston walikaa ndani wakingoja mvua ikatike, wakijua kwamba Tampa inachapwa. Ungekuwa wewe, usingelala kwa raha?

Kisha awamu ya nane kati ya tisa ikaja kule Tampa na mikimbio sita, yaani pointi sita, ikaingia kwa mkupuo. 7-6. Katika awamu ya tisa, wakiwa wamebakiza mtu mmoja wa kutolewa na straiki moja tu mkononi (mpigaji akifikisha straiki tatu anatolewa), kocha Joe Maddon alimwingiza Dan Johnson, mpigaji ambaye msimu wote huo alikuwa hajafikisha hata pigo moja safi kwa kila mara tisa alizosimama na gongo. Johnson akaupiga mpira ukavuka ukuta. 7-7.

Baltimore nako mvua ilikuwa imekatika. Jonathan Papelbon, mrushaji ambaye kazi yake ni kufunga mechi tu, alikuja kumalizia awamu ya tisa. Aliwatoa wawili wa kwanza, wote kwa straiki tatu. Akabaki mmoja. Chris Davis akapiga mpira uliomfikisha besi ya pili. Nolan Reimold akapiga mwingine, Davis akazunguka mpaka besi ya nyumbani, ikawa 3-3. Kisha Robert Andino akauchapa mpira mfupi kuelekea kushoto. Carl Crawford akaukimbilia, akajirusha miguu mbele, mpira ukagusa glavu na kudondoka. Reimold akaingia. Orioles 4, Red Sox 3.

Huyo Crawford alikuwa nyota wa Tampa mpaka mwaka uliotangulia. Boston ilimchukua kwa mkataba wa miaka saba wa dola milioni 142. Dakika tatu hivi baada ya mpira kumponyoka, Evan Longoria wa Tampa, mchezaji mwenzake wa zamani, aliupiga mpira uliopita juu ya ukuta mfupi wa kona ya kushoto katika awamu ya 12, na Rays ikashinda 8-7. Boston ilikuwa imetoka. Kocha Terry Francona, aliyeipa Boston mataji mawili, aliondoka siku chache baadaye.

Orioles haikupata chochote usiku ule. Ilimaliza na ushindi 69 na kufungwa 93, ya tano kama kawaida. Ila wachezaji wake walimrukia Andino uwanjani kana kwamba wametwaa ubingwa, na mimi sioni ajabu. Walikuwa wamefungwa na Boston miaka nenda rudi, na uwanja wao wenyewe ulikuwa ukijaa mashabiki wa wageni kila Boston inapokuja. Kwa usiku mmoja, hatima ya timu ya fahari ilikuwa mikononi mwao, na hawakuilegeza.

Wala halikuwa jambo geni. Watu wanaposimulia 1978 husimulia pigo la Bucky Dent wa Yankees. Boston ilikuwa mbele ya Yankees kwa mechi 14 katikati ya Julai, ikakamatwa, na tarehe 2 Oktoba wakacheza mechi moja ya kuamua pale Fenway Park, uwanja wa Boston. Dent, ambaye msimu wote alikuwa amevusha mpira ukutani mara nne tu, akauvusha kwa mara ya tano na kuingiza mikimbio mitatu. Yankees ikashinda 5-4 na baadaye ikachukua World Series, fainali ya ubingwa. Swali ambalo halisimuliwi ni hili: kwa nini kulikuwa na mechi ya kuamua? Siku iliyotangulia Yankees ilihitaji ushindi mmoja tu nyumbani kwake. Mgeni alikuwa Cleveland, timu ya sita kati ya saba wakati ule divisheni ilipokuwa na timu saba. Cleveland ikashinda 9-2. Timu ya sita, isiyo na chochote cha kupata, ndiyo iliyompa Dent siku ya kuwa Dent.

Mimi mchezo huu nilifundishwa na wazee. Nafanya kazi ya kuwatunza katika nyumba yao hapa Baltimore, na majira ya joto redio haizimwi jioni. Mwanzoni nilisikia maneno tu, kama mtu anayesikiliza mahubiri kwa lugha ya wengine. Mzee mmoja ndiye aliyenionea huruma. Alikuwa ananiita mwanangu, nami namwita Mzee, akipenda hivyo mwenyewe baada ya kumweleza kwetu tunavyowaita watu wa umri wake. Alinichorea uwanja kwenye karatasi ya kufutia mdomo, akanionyesha besi nne, akanieleza kwamba kila timu ina nafasi 27 za kutolewa na kwamba hakuna saa. Hakuna kipenga cha dakika ya 90. Ukiwa na mtu mmoja ambaye hajatolewa bado una mechi.

Alinisimulia mataji ya 1966, 1970 na 1983. Lakini uso wake ulichangamka zaidi alipofika 1988, mwaka ambao Orioles ilianza msimu kwa kufungwa mechi 21 mfululizo. Ishirini na moja. Iliporudi nyumbani kutoka ugenini, ikiwa imeshinda mechi moja tu, zaidi ya watu 50,000 waliingia uwanjani kuipokea. Yeye na mkewe walikuwemo. Nilimwuliza walikwenda kushangilia nini. Akaniambia, “Ilikuwa imerudi nyumbani, mwanangu. Tungeiachaje mlangoni?” Mwaka uliofuata timu hiyohiyo iligombea kilele na Toronto mpaka mwisho wa wiki ya mwisho ya msimu.

Ndiyo maana miaka ya 2018 hadi 2021 iliniuma kwa namna ambayo bado sijaimaliza. Kufungwa si aibu. Kupanga kufungwa ni jambo jingine. Kwa kuwa hakuna kushuka daraja, ligi imeweka faraja kwa walioshindwa: kila mwaka vijana bora wa shule na vyuo wanagawiwa kupitia drafti, na kwa miaka mingi aliyemaliza na rekodi mbaya kuliko wote ndiye aliyechagua wa kwanza. Wazo lake ni la haki, maana linamzuia tajiri asiokote kila kijana. Lakini mtu mwerevu akiliangalia vizuri anaona njia: uza wachezaji wako wazuri, lipa mishahara midogo, fungwa sana, okota vijana, ngoja.

Orioles iliifuata njia hiyo waziwazi. Mwaka 2018 ilimuuza nyota wake Manny Machado kwa Los Angeles Dodgers katikati ya msimu na kumaliza na ushindi 47 na kufungwa 115. Mwaka 2019 ilifungwa mara 108. Mwaka 2021 mara 110, ikiwa ni pamoja na mechi 19 mfululizo mwezi Agosti. Viongozi walisema tuvumilie. Wazee hawakuambiwa wavumilie hadi lini, na baadhi yao hawakuwa na miaka ya kuvumilia.

Na hapo ndipo ninapokataa kabisa hesabu ile. Timu inapoamua kuwa dhaifu haijidhuru peke yake, inavuruga na mizani ya wengine wanne. Mwaka huo wa 2021 Tampa ilicheza na Orioles mara 19 na kushinda 18, ikamaliza na ushindi 100, kileleni. Boston na New York walimaliza na 92 kila mmoja na wote wakaingia mtoano. Toronto ilimaliza na 91 ikabaki nje. Mechi moja! Mechi moja, katika divisheni ambayo timu mojawapo ilikuwa imeacha kupigana kwa makusudi. Toronto yenyewe ilinufaika pia, kwa kuifunga Orioles mechi zote tatu za mwisho wa msimu, kwa hiyo sisemi ilidhulumiwa. Ninachosema ni kwamba vita vya timu nne vilikuwa vinapimwa kwa nani amemchapa zaidi yule wa tano, na yule wa tano alikuwa amelala chini kwa hiari yake. Mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji wa 2022 ulileta bahati nasibu kwa nafasi za kwanza za drafti ili kupunguza tamaa hiyo, na nilifurahi.

Njia ile ilizaa matunda, lazima niseme hivyo. Msimu wa kufungwa 115 ulimleta Adley Rutschman, mdakaji aliyechaguliwa wa kwanza 2019. Alipoanza kucheza Mei 2022 timu ilikuwa bado inaburuza mkia, na ikamaliza na ushindi 83. Mwaka 2023 ikashinda 101 na kuchukua divisheni, mbele ya Tampa yenye 99, Tampa ileile iliyoanza msimu huo kwa ushindi 13 mfululizo. Jiji zima lilivaa rangi ya chungwa. Kisha Texas Rangers ikaja kwenye mtoano na kuifunga Orioles mechi tatu bila majibu. Mwaka 2024 ikatolewa tena mapema, na Kansas City. Kufika 2025, kocha Brandon Hyde alifukuzwa mwezi Mei rekodi ikiwa 15-28, na msimu ukaisha Orioles ikiwa ya tano. Ya tano 2021, ya kwanza 2023, ya tano 2025. Mzee wangu hakuiona hii ya mwisho.

Tampa ina umaskini wa aina nyingine, na kwao nina heshima isiyo na kipimo. Timu hiyo iliingia ligi 1998, na katika misimu yake kumi ya kwanza ilishika mkia mara tisa. Mwaka 2008 ikatoka mwisho ikaenda moja kwa moja kileleni na mpaka World Series. Wao hawana fedha za New York wala za Boston, kwa hiyo wamelazimika kufikiri. Mwaka 2018 ndio waliomweka Sergio Romo, mrushaji aliyezoea kuja mwishoni, aanze mechi kwa awamu moja tu kisha ampishe mwingine. Watu waliona ni kuuvunjia mchezo heshima. Muda si mrefu timu nyingine nyingi zikaiga.

Halafu Oktoba 2024 kimbunga Milton kilipita Florida na kurarua paa la uwanja wao, Tropicana Field. Msimu wote wa 2025 Rays ilicheza nyumbani katika uwanja wa George Steinbrenner, mjini Tampa, uwanja ambao Yankees huutumia kwa mazoezi ya kabla ya msimu na ambao umepewa jina la mmiliki wao wa zamani. Viti vyake ni vya watu elfu kumi hivi. Mabango ya Yankees yalifunikwa kwa ya Rays. Fikiria kupanga chumba kwa mtani wako wa jadi, na siku yeye anapokuja kucheza nawe anaitwa mgeni. Walimaliza wa nne. Sijasikia wakilalamika kupita kiasi.

Boston nayo ina historia ya kupanda na kushuka ambayo hakuna mwandishi angeithubutu. Mwaka 2012 ilikuwa ya mwisho. Mwaka 2013, msimu ambao mabomu yaliua watu kwenye mbio za marathoni za jiji hilo mwezi Aprili, ikawa bingwa wa dunia. 2014 ya mwisho. 2015 ya mwisho. 2016 ya kwanza. 2018 ushindi 108 na taji jingine. Miezi michache kabla ya msimu wa 2020 ikamwachia nyota wake Mookie Betts aende Dodgers, na ikamaliza mwisho 2020, 2022 na 2023.

Na Yankees? Watu hudhani haijawahi kuonja vumbi. Mwaka 1990 ilifungwa mechi 95 na kuwa ya mwisho katika divisheni hii, mwaka uleule Steinbrenner alipofungiwa kuiendesha timu. Nafasi ya kwanza ya drafti iliyofuata ilimchukua kijana Brien Taylor, mrushaji wa mkono wa kushoto ambaye aliumia bega na hakuwahi kucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Lakini mwaka 1992, baada ya msimu mwingine mbaya, ikachagua wa sita: Derek Jeter. Pamoja naye yalikuja mataji ya 1996, 1998, 1999 na 2000, na tangu 1993 Yankees haijamaliza msimu hata mmoja ikiwa imefungwa zaidi ya ilivyoshinda. Yale mataji 27 wanayoringia, manne kati yake yameota kwenye udongo wa miaka ile ya aibu.

Sasa Toronto. Mwaka 2024 ilimaliza ya tano, ushindi 74. Nyota wake Vladimir Guerrero Jr. alikuwa anakaribia mwisho wa mkataba, na watu wengi walidhani ataondoka. Aprili 2025 akakubali miaka 14 kwa dola milioni 500. Tarehe 1 Julai, sikukuu ya taifa la Kanada, George Springer wa Toronto alivusha mpira ukutani mara mbili na kuingiza mikimbio saba dhidi ya Yankees, na Toronto ikashinda 12-5. Mfululizo huo ulikuwa wa mechi nne, na Toronto ilizishinda zote nne. Nilizifuatilia nikiwa kazini na nikaona kabisa kwamba kuna kitu kimegeuka.

Msimu ulipofika siku ya mwisho, tarehe 28 Septemba, tarehe ileile ya usiku wa Andino, Toronto na Yankees walikuwa sawa kileleni. Na mwisho wa wiki hiyo ratiba ilikuwa imewapa wageni gani? Toronto ilikuwa na Tampa, timu ya nne. Yankees ilikuwa na Orioles, timu ya tano. Mimi nilikuwa nimekaa nikingoja timu yangu ifanye ilivyofanya 2011. Ilijitahidi siku ya mwisho, 3-2, lakini Yankees ilishinda zote tatu. Toronto nayo ikaifunga Tampa zote tatu, ya mwisho 13-4. Wakamaliza sawa: ushindi 94 kila mmoja, kufungwa 68 kila mmoja. Kilichoamua ni mechi 13 walizocheza wenyewe kwa wenyewe. Toronto ilikuwa imeshinda nane, Yankees tano. Zile nne za wiki ya Julai zilikuwa humo ndani.

Yankees ikaitoa Boston kwenye raundi ya kwanza ya mtoano, kwa mechi ya tatu iliyorushwa na kijana Cam Schlittler, aliyekulia Massachusetts, ardhi ya Red Sox. Kisha Toronto ikaitoa Yankees. Kisha ikaitoa Seattle kwa mechi saba, Springer tena akivusha ukuta na kugeuza mechi ya saba. Ikafika World Series kwa mara ya kwanza tangu 1993, na ikapoteza mechi ya saba kwa Dodgers, 5-4, katika awamu ya 11. Toronto ilibakiza watu wawili tu wa kuwatoa katika awamu ya tisa ndipo Miguel Rojas wa Dodgers aliposawazisha. Iliniumiza, ingawa Toronto si timu yangu. Kocha wa Dodgers ni Dave Roberts, na huyo ndiye mtu aliyeiba besi ya pili kwenye mtoano wa 2004 Boston ikiwa nyuma ya Yankees kwa mechi tatu bila, na kufungua mlango wa kurudi na kumaliza ile miaka 86. Dodgers haimo katika divisheni hii, lakini mtu wake ameacha alama mara mbili katika simulizi zake kubwa.

Mrushaji wa Dodgers aliyemaliza mechi ile ya saba alikuwa Yoshinobu Yamamoto. Tarehe 6 Septemba, wiki nane kabla, alikuwa hapa Baltimore, akiwa amewazuia Orioles wasipate pigo hata moja safi, na akibakiza mtu mmoja tu wa kutolewa ili aingie kwenye vitabu vya rekodi. 3-0. Ilikuwa jioni ya kuadhimisha miaka 30 tangu Cal Ripken Jr. wa Orioles aipite rekodi ya Lou Gehrig ya kucheza mechi 2,130 mfululizo. Jackson Holliday wa Orioles akavusha ukuta. Yamamoto akatolewa, wengine wakaja, na Orioles ya mkiani ikaingiza mikimbio mingine mitatu na kushinda 4-3. Nilikuwa zamu. Tulipiga kelele mpaka muuguzi wa ghorofa ya chini akapanda kuona nani ameanguka.

Kuna jambo moja ambalo ligi imeliharibu, na nalisema kwa uchungu. Mpaka 2022 timu za divisheni moja zilikutana mara 19 kila mwaka. Tangu 2023 zinakutana mara 13 tu, ili kila timu icheze na timu zote za ligi. Maana yake mechi za ndani ya chumba, kwa kila timu, zimeshuka kutoka 76 hadi 52. Najua sababu: shabiki wa Baltimore anataka kumwona Shohei Ohtani, nyota wa Dodgers, na timu dhaifu za mashariki zilikuwa zinachoka kupambana na wababe peke yao. Mimi ningependa zile 19 zirudi. Mechi 24 zimeondolewa mikononi mwa timu ya tano, mechi ambazo ingeweza kumkwamisha wa kwanza, kumrudisha wa pili nyumbani, kuwapa wazee redioni kitu cha kusubiri mwezi Septemba. Mwaka 2025 Toronto na Yankees walitenganishwa na mechi 13. Ningetaka kuona zikiwa 19, na Orioles iwe na nafasi sita zaidi ya kuwasumbua wote wawili.